Tarehe ya Kurudi

Katika kisiwa cha Remba niliona jambo ambalo limekaa nami mpaka leo. Mwenye virusi vya ukimwi aliyekuwa akimeza dawa alichunguzwa mwili wake mara nyingi kuliko jirani yake aliyejiita mzima. Kila aliporudi kliniki alipandishwa kwenye mizani, akafungwa mkanda wa presha mkononi, akaulizwa kama anakohoa, kama anatokwa na jasho usiku, kama amepungua. Jirani yake alipimwa virusi mara moja, akaambiwa hana, akarudi ziwani kwa furaha. Hakuna aliyeutazama mwili wake tena mpaka siku alipobebwa.

Nilikuwa mfanyabiashara wa omena, yaani dagaa. Remba ni kisiwa kidogo katika Ziwa Victoria, upande wa Kaunti ya Homa Bay, na sisi wa Migori tulikifikia kwa mashua za injini kutoka Sori. Ukikiona kwa mbali hudhani ni kisiwa, bali paa moja kubwa la mabati linaloelea, kwa jinsi nyumba zilivyobanana. Wanaishi humo Wajaluo, Wasuba, Waluhya, Waganda na Watanzania, na wanaelewana kwa Kiswahili. Shamba hakuna. Unga, mboga, makaa na sabuni huletwa kwa mashua, na mashua hizo hizo huondoka na mbuta kwenye barafu na magunia ya omena aliyekaushwa. Maji ya kuoga, ya kufulia na mara nyingi ya kunywa hutoka ziwa lile lile, na vyoo ni vichache mno kwa watu wengi kiasi hicho.

Katika maisha ya namna hiyo afya ilipimwa kwa nguvu. Anayevuta wavu ni mzima, asiyeweza kuuvuta ni mgonjwa. Kichwa kikiuma, unanunua vidonge viwili dukani. Joto likipanda, unanunua dawa ya malaria bila kupimwa, unalala mchana, usiku unaingia majini. Wazo la kwenda kwa daktari ilhali huumwi halikuwemo. Nani apoteze siku ya samaki kwa ajili ya mwili usiolalamika?

Isipokuwa jirani yangu mmoja. Alikuwa na hoteli ya chapati na samaki wa mchuzi, na watu wote walimwita Mama Hoteli. Alikuwa akimeza dawa za ukimwi na hakuficha. Kitabu chake cha kliniki alikitunza kwenye mkebe, pamoja na pesa za akiba, na ndani yake iliandikwa tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo ikifika hoteli ilifungwa, hata kama mashua zilikuwa zimerudi zimejaa na wavuvi wana pesa mfukoni. Nilimwambia siku moja, "Dada, leo ungepata faida ya wiki nzima." Akanijibu huku akifunga kitenge, "Wateja watakula kesho, nyaminwa. Tarehe ni tarehe." Nyaminwa ni dada kwa Kijaluo.

Nilianza kuchunguza jinsi kliniki yake ilivyomshika. Kwanza, hakuondoka kamwe bila kujua siku ya kurudi. Pili, akichelewa, alitafutwa. Mama mwingine aliyekuwa akimeza dawa kama yeye, aliyepewa na kliniki kazi ya kuwafuatilia waliokosa siku yao, angempigia simu, na simu isipopatikana angeuliza mashua inayokwenda Remba. Tatu, habari zake zote ziliandikwa mahali pamoja, hivyo uzito wa leo ulilinganishwa na wa mwezi ule mwingine. Nne, alipokuwa na safari ya mbali alipewa dawa za kumtosha safari hiyo, maana kliniki za ziwani zilikwishajua kwamba wavuvi na wachuuzi wa samaki hawatulii ufuo mmoja.

Kwa mpango huo aliepushwa na ugonjwa ambao haukuwa ukimwi. Mwanamke mwenye virusi ana hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi takriban mara sita kuliko asiye navyo, kwa hiyo kliniki yake iliwachunguza wanawake wote waliokuwa kwenye dawa. Uchunguzi wenyewe ni mwepesi ajabu: mhudumu anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kidogo, kisha anatazama kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Kwake ilionekana. Wakaigandisha kwa baridi kali, akarudi kisiwani, akakanda unga wa chapati. Wanawake tuliokuwa tukila kwake, tusio na virusi, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuchunguzwa.

Desturi hiyo ya kurudi kliniki haikuanguka kutoka mbinguni. Watu wa kandokando ya ziwa waliinunua kwa misiba. Nakumbuka miaka ambayo Jumamosi haikupita bila mazishi, na watu walikataa kupimwa kwa sababu waliona kupimwa ni kusomewa hukumu tu, dawa hakuna. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kazi Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 likaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo katika hospitali ya serikali mjini humo, wakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika dawa hizo zilikuwa hadithi. Hata baada ya hapo mzigo ulibaki mzito. Uchunguzi uliofanywa Ndhiwa, katika Kaunti hiyo ya Homa Bay, mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 15 hadi 59 akiishi na virusi.

Kilichobadilisha watu ni kuona waliopimwa wakirudi kusimama. Aliyekuwa amebaki mifupa alionekana tena sokoni akibeba gunia. Ndipo kupimwa kukapata maana, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na kitu cha kufanya. Hilo ndilo somo la kwanza ninalolitoa kwa yeyote anayetaka watu wajenge desturi ya uchunguzi: usimpime mtu kisha ukamwacha na namba tu. Mpe njia ya kuendelea, na siku ya kurudi.

Somo la pili nilifundishwa na nahodha mmoja. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mwenye kifua kipana na sauti iliyosikika kutoka majini kabla mashua haijaonekana. Alikuwa amepimwa virusi, akapata karatasi ya kuonyesha hana, na aliipenda karatasi hiyo. Kwake ilikuwa cheti cha uzima wote. Shingo ilimkaza mara kwa mara, kichwa kilimgonga asubuhi, akameza vidonge akasema ni upepo wa usiku. Asubuhi moja, mashua ikiwa inafungwa, mkono wake wa kulia ulikataa kushika kamba. Alitaka kumwita kijana wake, maneno yakatoka yamepinda kama mdomo wenyewe.

Siku hiyo ziwa lilikuwa na mawimbi. Tulimlaza kwenye mashua ya abiria, na saa za kufika Mbita nilizihesabu kwa pumzi zake. Kisiwani nyuma yetu watu walianza kusema amerogwa, kwamba mshindani wake wa biashara amefanya jambo. Hospitalini walimfunga mkanda wa presha, na mkewe akasema kwamba hajawahi kumwona akifungwa kitu hicho tangu amwoe. Alipona kwa kiasi cha kukaa na kula mwenyewe. Ziwani hakurudi. Mashua iliuzwa, watoto wawili wakatoka shule.

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba yale yalikuwa ya visiwani, mahali ambapo daktari yuko mbali. Kumbe uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta karibu robo ya Wakenya wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha maishani. Kwa sukari hali ilikuwa mbaya zaidi: zaidi ya wanane kati ya kumi hawajawahi kupimwa. Nahodha wetu alikuwa Mkenya wa kawaida kabisa.

Presha ya juu haina adabu ya kubisha hodi. Inasukuma damu kwa nguvu kwenye mishipa ya ubongo, ya figo na ya moyo, mwaka baada ya mwaka, na mwenye mwili anacheza, anabeba, anavuta wavu. Maumivu yakija mara nyingi yanakuja na kiharusi. Kwa ugonjwa wa namna hiyo ushauri wa kusubiri uumwe ndipo uende hospitali hauna faida hata kidogo, kwa kuwa hakuna siku utakayoumwa mapema ya kutosha.

Muda si mrefu baada ya hapo wahudumu wa afya walipiga hema ufuoni. Walikuja kwa ajili ya virusi, lakini walileta pia mashine ya presha na ya sukari. Niliketi, nikanyoosha mkono. Namba ya juu ilizidi 160. Sikuwa na maumivu yoyote, na asubuhi hiyo nilikuwa nimebeba magunia kama kawaida. Mhudumu hakunitisha. Alinipumzisha, akapima tena, akaniambia kwamba kipimo cha siku moja hakitoshi, kwamba presha inayorudia kufika 140 juu au 90 chini siku tofauti ndiyo inayohitaji kushughulikiwa. Akaniandikia kituo cha kwenda Sori na akaandika tarehe. Nilipoiona tarehe hiyo nilimkumbuka Mama Hoteli na mkebe wake, nikajua nifanye nini.

Tangu hapo nameza kidonge asubuhi pamoja na chai, nimepunguza chumvi kwenye mboga, na kitabu changu nakibeba safarini pamoja na kitambulisho. Mengine ya maisha yangu hayakubadilika. Niliendelea kuuza omena, kugombana na bei na kucheka na wenzangu. Watu huogopa kwamba wakigunduliwa na ugonjwa maisha yatasimama. Mimi naona yale ya nahodha ndiyo yaliyosimama.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wazo la kupima magonjwa mengi katika hema moja limefanyiwa utafiti huku huku kwetu. Mradi ulioitwa SEARCH, ulioanza mwaka 2013 katika jamii 32 za vijijini magharibi mwa Kenya na nchini Uganda, uliwakusanya watu kwenye kambi za afya na kuwapima virusi, presha na kisukari kwa pamoja, kisha kuwaunganisha na matibabu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Pale ambapo matibabu yalisogezwa karibu na mtu na huduma ikawekwa pamoja, wenye virusi walikufa wachache zaidi, na watu wengi zaidi waliidhibiti presha yao. Yaani njia iliyojengwa kwa ajili ya ukimwi inaweza kumbeba na asiye na ukimwi.

Na Mfangano, kisiwa kikubwa jirani, nako walipata ujanja wao. Kituo cha Ekialo Kiona kilifungua chumba cha kompyuta na intaneti, kitu ambacho kila kijana wa kisiwani alikitaka. Kutumia kulikuwa bure, ila mwanachama alitakiwa akubali kupimwa virusi kila miezi sita. Naupenda mpango huu kwa sababu haukumhubiria mtu. Ulichukua jambo ambalo watu tayari wanalikimbilia, ukaliwekea uchunguzi mlangoni. Kisiwani humo pia wagonjwa walipangwa katika vikundi vya ndugu na marafiki waliochaguana wenyewe, wakafundishwa pamoja na kukumbushana kliniki. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba waliopotea kliniki kwa miezi mitatu au zaidi walipungua kwa takriban nusu. Utashi wa mtu mmoja huchoka, na mtu mwenye watu wa kumuuliza "umeenda?" hufika.

Hapo ndipo ninaporudi kwa wavuvi wa Remba, kwa sababu wao wana kalenda ambayo hakuna afisa wa afya aliyeitunga. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, samaki wanaifuata nuru. Mbalamwezi ikikomaa taa hazina nguvu, na wavuvi wa omena hupumzika. Siku hizo mashua hupandishwa ufuoni, nyufa zikazibwa, nyavu zikashonwa, injini zikafunguliwa. Vijana hukaa bila kazi, na wengi huishia kwenye pombe na karata. Hizo ndizo siku za hema la afya. Kliniki inayofika Remba wakati wa giza inawakuta wanaume wamelala mchana au wako majini, kisha inaandika katika ripoti kwamba wanaume hawapendi kupimwa. Waje mbalamwezi waone.

Na walio nchi kavu nao wana kalenda zao. Mwalimu ana likizo tatu. Mkulima ana miezi baada ya mavuno. Mwenye bodaboda ana siku ya kubadilisha oili. Mama mwenye mtoto mchanga anakwenda kliniki ya chanjo, na hapo hapo anaweza kuomba apimwe yeye. Usiniambie utatafuta muda, maana hautapatikana. Shika siku ambayo tayari ipo katika maisha yako, uiandikie mwili wako humo.

Nikiulizwa mtu apimwe nini, najibu hivi kwa ujuzi wa mtu aliyekaa ziwani. Kila mtu mzima apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka, hata akiwa mwembamba na mwenye nguvu. Sukari apimwe hasa aliyeongezeka uzito au mwenye mzazi aliyeugua kisukari. Virusi vya ukimwi apimwe mara kwa mara anayeishi maisha yetu ya kuhama ufuo hadi ufuo, na tuseme wazi kwamba biashara ya jaboya, samaki kwa mwili wa mwanamke, bado inawaweka wachuuzi wengi hatarini. Mwanamke aliyefika miaka thelathini achunguzwe mlango wa kizazi, na mwenye virusi aanze mapema zaidi, akiwa na miaka ishirini na mitano. Siku hizi uchunguzi wa virusi vinavyoleta saratani hiyo unaweza kufanywa kwa sampuli ambayo mwanamke anajichukulia mwenyewe, na wasichana wa miaka kumi wamekuwa wakipewa chanjo yake nchini Kenya tangu mwaka 2019.

Kisha kuna kichocho, ugonjwa ambao watu wa ziwa tumeuzoea mno hata tukaacha kuuona. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na hupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayesukuma mashua. Aina ya ziwani kwetu hukaa kwenye mishipa ya matumbo na kuliharibu ini polepole, mpaka mtu anavimba tumbo au anatapika damu. Dawa yake, prazikwanteli, humezwa kwa siku moja kwa kadiri ya uzito wa mtu. Wanafunzi huletewa shuleni. Mvuvi anayeingia majini kila siku hana shule ya kuletewa, kwa hiyo lazima aulize mwenyewe, na arudie, maana anaporudi majini anaambukizwa tena.

Zamani ningeelewa mtu akisema hana pa kwenda wala pesa. Leo visingizio vimepungua, ingawa havijaisha. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya wa jamii wapatao laki moja mikoba yenye mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimajoto na mizani. Ni mtu wa kijijini kwako, anayejua mlango wako. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kwa sheria mpya huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya zinalipiwa na mfuko wa serikali, mradi mtu amejiandikisha. Jiandikishe. Kisha dai huduma hiyo, kwa sababu mkoba usio na betri na zahanati isiyo na vidonge vya presha havimsaidii mtu, na viongozi husikia zaidi watu wanaokuja dirishani kila mara kuliko wanaonung'unika nyumbani.

Kwa kaunti zetu mbili, Homa Bay na Migori, ninaomba jambo moja linalowezekana. Hatuhitaji kubuni kitu kipya. Daftari la tarehe ya kurudi lipo. Watu wa kuwatafuta waliochelewa wapo. Kliniki zinazoelewa kwamba mgonjwa leo yuko Remba na mwezi ujao yuko kisiwa cha Migingo zipo. Yote haya yalijengwa kwa fedha nyingi na machozi mengi kwa ajili ya ugonjwa mmoja, na sasa fedha za wafadhili wa nje hazina uhakika. Njia hiyo isiachwe iote nyasi. Mlango ule ule wampokee mwenye presha, mwenye sukari, mwanamke anayetaka kuchunguzwa kizazi na mvuvi mwenye kichocho. Kamati za ufuo, ambazo tayari zinasajili mashua na wafanyakazi wake, zinaweza kuzipanga siku za mbalamwezi kuwa siku za kupimwa, na kila mwenye mashua awapeleke vijana wake.

Na wewe unayesoma, uwe Remba, Mombasa au Nairobi, kabla wiki hii haijaisha jua presha yako, uiandike, na usitoke kwa mhudumu bila kuandikiwa siku ya kurudi. Siku hiyo ikifika, nenda. Wateja watakula kesho.